Kuhani kwa simu hakutoshi

Waswahili tuliohamia Uingereza tumezoea kuhani kwa WhatsApp. Akifiwa mwenzetu zinamiminika: Inna lillahi wa inna ilayhi raji'un, picha ya waridi yenye aya chini yake, "usilie dada, kazi ya Mungu haina makosa". Kisha kila mtu anarudi kwenye zamu yake ya kazi.

Kwetu Unguja maneno ni hayo hayo, wala siyadharau. Lakini anayekwambia usubiri kaja tangu alfajiri, kajifunga kanga kiunoni, yuko uani anachambua mchele. Ndani mikeka imetandikwa, wanawake wanasoma Yasini; wanaume wameshatoka makaburini, maana maiti kwa kawaida halazwi. Usiku shangazi na mashoga zako wanalala sakafuni pamoja nawe. Aya ukiisikia kwa mtu wa namna hiyo, inaingia.

Hapa Birmingham jirani yangu alifiwa na mama yake Pemba. Mama keshazikwa adhuhuri, yeye hata tiketi hajapata. Nilimkuta jikoni anapiga pasi sare za watoto, simu inatetemeka mezani, ujumbe juu ya ujumbe. Akaigeuza kifudifudi, akaendelea na kola. Aliyemhani hasa siku ile, kwa maoni yangu, ni bibi wa Kiingereza wa nyumba ya pili, asiye na dini yoyote, aliyegonga mlango akasema watoto atawapeleka shule yeye mpaka Ijumaa.

Mtaniambia Waingereza ni wakavu. Kweli: kadi inapenyezwa mlangoni, maiti anakaa wiki mbili tatu kwenye baridi, mazishi nusu saa, watu wametawanyika. Na tangu Septemba 2024 hata sisi tunaotaka kuzika haraka tunasubiri daktari wa pili apitie sababu ya kifo kabla ya kukisajili. Sitamani msiba wao. Ila yule bibi alifanya kazi iliyokuwa yetu.

Na dini yenyewe iko upande wangu. Mtume (s.a.w.) alimpita mwanamke akilia kaburini, akamwambia amche Mungu na asubiri. Yule mama, bila kumjua, akamjibu: niondokee, wewe hukupatwa na msiba wangu. Mtume akaenda zake, hakumkaripia. Sisi mfiwa akilia sana tunamwambia anakufuru! Na Jaafar bin Abi Talib, binamu yake Mtume, alipouawa vitani Muuta, mwaka wa 8 Hijria, Mtume aliagiza watu wa Jaafar wapikiwe chakula, kwani limewafika la kuwashughulisha. (Nyumbani nako hili tumelipindua, mfiwa ndiye anayekopa ili alishe mtaa, ugomvi huo tuuweke.)

Harusi ikiwa Leicester tunajazana magarini hata kukiwa na theluji. Basi msiba ukitokea, wawili waende usiku ule ule, mmoja alale huko. Sufuria ya wali nitabeba mimi. Hizo aya tutazisoma tukishakaa.