Ghorofa la Chicago na kuta za Mikindani: tuazime nini kwa wakale?

Kila linapotajwa ghorofa jipya hapa Mtwara, hoja moja hurudi: je, jengo la leo lichukue sura ya majengo ya kale? Wapo wanaotaka matao ya Kilwa na milango ya nakshi ya Mikindani ionekane kwenye ofisi na hoteli zetu; wengine wanaona huko ni kulipamba zege tu. Marekani ya miaka ya 1980 ilibishania jambo hilohilo, na jengo linalofaa zaidi kulipima limo katikati ya Chicago.

Jengo hilo, 190 South LaSalle, lina ghorofa 40 na lilikamilika mwaka 1987 kwa usanifu wa Philip Johnson na John Burgee. Ni zao la usasaleo, mkondo wa wasanifu waliochoshwa na masanduku ya vioo na chuma yasiyo na pambo, wakaanza kuchota tena katika historia. Mnara wa AT&T wa New York, ambao wawili hao waliukamilisha mwaka 1984, ulipewa kilele kinachofanana na kabati la Kiingereza la karne ya 18. Huu wa Chicago ulichota katika majengo ya mji wake wenyewe. Pembetatu za paa lake zinakumbusha Masonic Temple, jengo la wasanifu Burnham na Root la mwaka 1892 lililobomolewa mwaka 1939, na graniti nyekundu ya ghorofa zake za chini inafuata Rookery, kazi ya wasanifu hao ya mwaka 1888 ambayo ingali imesimama jirani.

Wapinzani wana hoja nzito. Graniti ile haibebi mzigo; mzigo umebebwa na fremu ya ndani, na jiwe limebandikwa juu yake. Mikindani mambo ni tofauti: ukuta mnene wa matumbawe na chokaa hubeba nyumba na kuchelewesha joto la mchana, na urefu wa boriti za mikoko ndio ulioamua upana wa chumba. Tao la jasi lililobandikwa kwenye ukuta wa tofali za saruji, huku kiyoyozi kikinguruma kutwa ndani yake, halimpi mpangaji kivuli wala upepo.

Hata hivyo, siwezi kukubali kwamba sura ni kitu cha bure. Husuni Kubwa, kasri la kale la Kilwa, pamoja na kuba zake na bwawa lake la pembe nane, ilijengwa katika karne ya 14 na mji uliofanya biashara na ng'ambo ya Bahari ya Hindi, wala haukuona aibu kujifunza huko. Boma la Mikindani, ambalo leo ni fahari ya mji, lilijengwa na Wajerumani mwaka 1895. Pwani hii imeazima siku zote.

Kwa hiyo ninaunga mkono uazimaji, kwa sharti kwamba kilichoazimwa kipewe kazi. Hatutarudi kwenye matumbawe na mikoko, kwani bahari inavihitaji kuliko sisi. Lakini zege linaweza kabisa kutoa dirisha lililozama ndani ya ukuta, baraza pana mbele ya maduka na ukumbi wenye kivuli upande wa jua la alasiri. Matao yakibeba ukumbi huo, yana haki ya kuwepo. Ndiyo maana anayepitisha ramani za kibali cha ujenzi asiridhike na mchoro wa mbele ya jengo. Adai na mchoro wa mkato wa ukuta, unaoonyesha jua la saa tisa alasiri linaishia wapi.