Na wale waliopata sifuri, nani anawafuatilia?

Mwandishi wa makala ninayoijibu anataka shule zijue wahitimu wao wa kidato cha nne wameishia wapi. Wazo zuri, ila mwanzo wake si shuleni. Nimekuwa mwalimu wa darasa miaka sita. NECTA (Baraza la Mitihani la Tanzania) ikishatangaza matokeo, TAMISEMI, ofisi ya serikali inayosimamia tawala za mikoa na serikali za mitaa, inawapangia waliofaulu kidato cha tano na vyuo vya kati, majina yanabandikwa, unajua nani kaenda wapi. Waliobaki hawamo kwenye daftari la mtu yeyote. Kumbukeni mtihani wa 2012: matokeo yalipotoka Februari 2013, zaidi ya nusu walikuwa na daraja sifuri, yaani walifeli, hata serikali ikaamuru yapitiwe upya. Vijana wale leo wako wapi?

Mimi wangu nawaokota njiani tu. Mmoja alinibeba kwa bodaboda akakataa nauli (na hesabu nilikuwa namchapia!). Mwingine anachomelea mageti, ana wasaidizi wawili. Binti aliyekuwa wa kwanza kwa Kiswahili nilimkuta anauza mitumba, akajifanya hanioni.

Namba za simu tulizoandika? Nyingi za wazazi, nusu hazipatikani. Labda tuwaulize siku wanapokuja kuchukua vyeti, maana hapo lazima waje wenyewe.