Mwaka mmoja unaisha, physics anafundisha nani?

Nimesoma hii habari yenye picha za kumuaga dada mmoja wa kujitolea toka Ujerumani anayemaliza mwaka wake kwenye sekondari ya Walutheri huko Moshi, nikacheka peke yangu kwenye daladala maana na sisi tulimuaga wetu hivyo hivyo. Wiki ya mwisho hamna kusoma kabisa, kwaya mazoezi kila jioni, Jumapili kanisani akavishwa kitenge juu ya nguo zake, mama mmoja akamletea jogoo kamfunga miguu na kamba ya mgomba, basi yule mzungu kakaa nalo mapajani ibada nzima hajui alishike wapi, na lenyewe linawika katikati ya mahubiri jamani 😂😂

Ila picha hazionyeshi Jumatatu yake. Sisi alituacha form three katikati ya topic ya umeme, ubaoni bado mchoro wake wa sakiti, hakuna aliyetaka kuufuta, na mwalimu mwingine wa physics tulikuja kumpata muda umeshaenda. Simlaumu, kibali chake kilikuwa kinaisha na alilia kuliko sisi. Wale wamisheni wa Kilutheri toka Leipzig, Ujerumani, waliofika Kilimanjaro 1893 walikuwa wanakaa, mwenzao Bruno Gutmann alifika 1902 akaondoka moja kwa moja 1938, japo katikati Waingereza walimtimua. Sasa hivi ni mwaka mmoja unaagwa. Basi shule iwe na mtu wa kupokea chaki kabla hamjamnunulia huyo dada kitenge.