Mnaosifia hospitali za Uingereza, nisikilizeni kidogo

Kila nikipiga simu Chake Chake, kwetu Pemba, naambiwa aa wewe bwana uko Ulaya, matibabu bure, serikali ya huko inajali watu. Jamani hakuna cha bure huku. Mie nakatwa kodi na bima ya taifa kwenye mshahara kabla sijaishika hiyo hela, na wengi wanaoingia kwa viza wanalipa pauni 1,035 kwa mwaka, hiyo ada ya afya tu, mbali na ya viza yenyewe, tena ya miaka yote kwa mpigo. Halafu ukiumwa goti daktari wa mtaa anakuandikia uende kwa bingwa, unaingia foleni. England peke yake matibabu yanayosubiriwa yamepita milioni 7, wakati lengo lao wenyewe ni usisubiri zaidi ya wiki 18.

Madaktari wallahi wanajitahidi, ukipata ajali wanakuokoa hawakuulizi hela, hilo nalisema wazi. Lakini goti lako likikaa mwaka mzima hela umeshakatwa zamani, na ukitaka hospitali ya binafsi unalipa tena mfukoni mwako.

Sasa kwetu Zanzibar nako tokea Mapinduzi ya 1964 tunaambiwa matibabu bure. Mama mdogo wangu kenda hospitali ya serikali na presha yake, kapimwa, kaandikiwa dawa, kufika dirishani anaambiwa hiyo hakuna kanunue nje, kavuka barabara tu duka la dawa lipo mkabala, dawa tele. Kwa nini yule muuzaji anayo? Kwa sababu asipoileta wanawe hawali. Wa dirishani mshahara unaingia dawa iwepo isiwepo.

Huu Mfuko wa Huduma za Afya Zanzibar, yaani bima ya afya ya serikali, uliotungiwa sheria 2023 naukubali nusu. Kadi sawa, lakini mwenye mfuko, mwenye hospitali na mkaguzi asiwe serikali yeye yeye, nani atamwambia kakosea? Hela imfuate mgonjwa. Mama mdogo akitaka hospitali ya Abdalla Mzee kule Mkoani aende, akitaka kliniki ya mtu binafsi Wete aende na kadi yake ile ile, na atakayemtibu vizuri ndiye alipwe. Asiye na kitu serikali imlipie, sipingi kabisa, ila imlipie yeye. Na nesi mstaafu anayetaka kufungua kliniki yake kijijini asizungushwe vibali mpaka achoke, na bei zibandikwe ukutani, za serikali na za binafsi, watu wazisome kabla hawajakaa kwenye benchi.