Simba wa Magharibi mwa Serengeti: Uzio au Fidia?

Tanzania inatajwa kuwa nchi yenye simba wengi kuliko nyingine yoyote duniani, na ikolojia ya Serengeti peke yake inakadiriwa kuwa na simba wapatao 3,000. Hata hivyo, Umoja wa Kimataifa wa Uhifadhi wa Maumbile (IUCN) bado unawaweka simba, chui na duma katika orodha ya wanyama walio hatarini. Tathmini yake ya mwaka 2015 ilionyesha kuwa makundi ya simba yaliyofuatiliwa barani Afrika yalipungua kwa asilimia 43 kati ya mwaka 1993 na 2014, ilhali yale ya Botswana, Namibia, Afrika Kusini na Zimbabwe yaliongezeka kwa asilimia 12. Kwa kuwa hifadhi nyingi za kusini, hasa Afrika Kusini, zimezungushiwa uzio, hoja ya kuweka uzio kati ya simba na vijiji imepata watetezi hata huku kwetu Kanda ya Ziwa.

Watetezi hao wana la kusema. Upande wa Busega na Bunda, kando ya barabara kuu ya Mwanza hadi Musoma, mashamba na malisho yamefika karibu kabisa na mpaka wa hifadhi, na mfugaji aliyevamiwa zizini usiku hawezi kutulizwa kwa takwimu za watalii. Jirani zetu wa Rwanda walikamilisha uzio wa Hifadhi ya Akagera mwaka 2013, wakarudisha simba mwaka 2015 baada ya wale wa awali kutoweka, na simba hao wameongezeka mara kadhaa.

Lakini Akagera si Serengeti. Ushoroba wa magharibi wa Serengeti unaishia karibu na Ghuba ya Speke ya Ziwa Victoria, na nyumbu hupita bonde la Grumeti katika msafara wao wa kila mwaka. Kuwafungia njia ni kuwapunguza, na nyumbu wakipungua, simba hukosa chakula kabla hata ya kukosa ulinzi. Isitoshe, waya ndio malighafi ya mtego. Mitego inayotegwa kwa ajili ya kitoweo cha nyumbu hunasa pia simba wasiokusudiwa, hivyo kilomita nyingi za waya mpya mpakani zinaweza kumpa jangili kile anachokitafuta. Wala uzio hautazuia kila hatari: mwaka 1994 ugonjwa wa virusi uliohusishwa na mbwa wa vijijini uliua takriban theluthi moja ya simba wa Serengeti, na mojawapo ya hatua zilizochukuliwa dhidi yake ni chanjo ya mbwa, si nguzo za chuma.

Njia ya pili ni kumlipa anayepata hasara. Serikali ina kanuni za kifuta jasho (malipo ya mazao au mifugo iliyoharibiwa na wanyamapori) na kifuta machozi (malipo ya kujeruhiwa au kifo) tangu mwaka 2011, lakini kiwango cha mifugo kiko mbali na bei ya mnadani. Wapinzani wa kupandisha kiwango hicho husema kwamba malipo makubwa yatazaa madai ya uongo na kumfanya mchungaji alegeze ulinzi. Hofu hiyo ni ya haki, ila inasahau upande mwingine wa mizani. Watafiti waliofanya kazi Katavi na Rukwa, walikohamia wafugaji wengi wa Kisukuma, walieleza desturi ambayo muuaji wa simba huzunguka kwa ndugu akicheza ngoma na kupewa mifugo kama shukrani. Jamii humlipa aliyeua, hapo hapo, kwa ng'ombe wa kweli. Aliyevumilia hasara hungoja fomu yake ipite ofisi moja hadi nyingine. Katika ushindani wa namna hiyo, simba hana mtetezi.

Kuhamisha simba wasumbufu, kama ilivyotangazwa mwaka 2020 kwamba baadhi wangepelekwa Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato, huwapa nafuu wanakijiji wa huku na kuwapa wasiwasi wa huko. Kwa maoni yangu, uzio mfupi wa kulinda mashamba dhidi ya tembo unaweza kukubalika. Kwa simba, fedha hizo zingefaa zaidi kuimarisha mazizi na kulipa fidia inayokaribia bei ya soko, kwa sharti kwamba mdai awe amefunga mifugo yake usiku katika zizi lililokaguliwa, na afisa wanyamapori afike kuona mzoga kabla fisi hawajaufikia.