Shimo lina kibali, mto je?

Kila ubishi kuhusu machimbo ya mchanga wilayani Bagamoyo huishia kwenye swali moja: wana kibali au hawana? Katapila likionekana kingoni mwa Mto Mpiji, wananchi wanapiga simu, mtendaji anafika, karatasi inatolewa. Ikiwa na muhuri, kelele zinakwisha. Nionavyo mimi, swali hilo linatosha kwa machimbo ya mawe. Kwa mchanga wa mtoni halitoshi, hata kama kila mchimbaji ni mkweli na kila karatasi ni halali.

Tuanze na mawe, maana hayo ndiyo mepesi kuamua. Ukipita Lugoba, upande wa Chalinze, utaona vilima vinavyopasuliwa ili Dar es Salaam ipate kokoto. Madhara yake wenyeji wanayajua vizuri: vumbi linalotua kwenye mboga na maji ya kunywa, mtikisiko wa baruti unaotia nyufa kwenye kuta, malori yanayofumua barabara za vijiji. Lakini jiwe halitembei. Aliyepewa eneo anaharibu palepale alipopewa, na mkaguzi akirudi baada ya mwaka anasimama mdomoni mwa shimo na kusema nani kafanya nini. Mwagia maji njia, tangaza saa za kulipua, zungushia uzio, fukia ukimaliza: masharti hayo yanaandikika kwenye cheti na yanakagulika. Yasipotekelezwa, kosa liko kwenye ukaguzi. (Na ukaguzi wetu unajulikana.)

Mchanga wa mtoni una tabia nyingine. Ule wa Mto Ruvu umeshuka na maji kutoka milima ya Uluguru, na kesho utakuwa umesogea tena. Ukichimba shimo katikati ya mto, mto unataka kulijaza. Unachota mchanga wa upande wa juu wa shimo, na upande wa chini unafikisha mchanga pungufu. Kitako cha mto kinashuka, kingo zinabaki ndefu na nyembamba, masika yakifika zinameguka. Nguzo za daraja zilizokuwa zimefukiwa zinachungulia. Anayeumia ni mwenye shamba la mpunga aliye mbali na machimbo, na aliyechimba anaweza kuapa mahakamani kwamba hajavuka mipaka ya leseni yake. Atakuwa anasema kweli.

Sheria yetu inasemaje? Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inataka mradi ufanyiwe tathmini ya athari kwa mazingira kabla ya kuanza. Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira (NEMC) hupitia taarifa, na cheti hutolewa kwa mamlaka ya waziri mwenye dhamana ya mazingira. Mchimbaji mdogo ana njia fupi zaidi. Chini ya Sheria ya Madini ya mwaka 2010 anachukua leseni ndogo, ambayo kwa vifaa vya ujenzi haizidi hekta 5, na badala ya tathmini kamili anaandaa mpango wa utunzaji wa mazingira. Juu ya hayo kuna kifungu cha 57 cha ile sheria ya 2004, kinachozuia shughuli zenye kudhuru mazingira ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Na mchanga unaotafutwa uko humohumo ndani ya mita 60. Kwa hiyo ofisa anayegonga muhuri analazimika kuamini kwamba uchimbaji huu hautadhuru kitu, na anaamini kwa kuangalia shimo moja.

Wanaoitetea njia fupi wana hoja nzito. Tathmini kamili inahitaji mtaalamu aliyesajiliwa, vipimo vya maji na udongo, mikutano na wadau, andiko refu. Kijana wa Mapinga mwenye chepe, wapakiaji wachache na tipa ya kukodi hana uwezo huo. Ukimdai anachodaiwa mwenye kiwanda cha saruji, hataacha kuchimba. Atahamia usiku, na serikali itakosa mrabaha, kijiji kitakosa ushuru, na mto utachimbwa vilevile. Nyumba za Kerege na Zinga zinaota kila siku, na barabara ya kutoka Bagamoyo kupitia Saadani hadi Tanga inataka mchanga na kokoto kwa wingi usio wa kawaida. Kuna jambo jingine ambalo watetezi wa mazingira hawapendi kulisikia: mvua kubwa ikilundika mchanga sehemu za chini za mto, kuuondoa kunaweza kupunguza mafuriko. Kwa hiyo anayesema anasafisha mto si lazima awe mwongo, ingawa nimeshangaa mara nyingi jinsi usafishaji unavyopenda maeneo yenye mchanga mzuri kuliko yenye taka.

Upande wa pili, wanaoipinga njia fupi, hoja yao ni ya kujumlisha. Hekta 5 zikichimbwa peke yake, mto hauhisi. Leseni zikipangana kingoni, kila moja na mpango wake wa kurasa chache, hakuna mpango hata mmoja unaoutaja mwingine. India walilipitia hili. Huko machimbo yaliyo chini ya hekta 5 yalikuwa hayadaiwi kibali cha mazingira, na watu wakaanza kukatakata maeneo makubwa vipande vidogo ili wapite chini ya kamba. Mwaka 2012 Mahakama ya Juu ikaamua kwamba hata chini ya hekta 5 kibali ni lazima. Mwaka 2016 serikali ikaongeza utaratibu wa kuyahesabu kwa pamoja machimbo yaliyokaribiana ndani ya mita 500, na kuzitaka wilaya zifanye tathmini ya mchanga unaoletwa na mito yao. Uchimbaji haramu haukwisha huko, na anayesema ulikwisha anakudanganya. Lakini angalau swali lilibadilika: mto huu unaleta kiasi gani, na tayari umetolewa kiasi gani?

Kwa Bagamoyo swali hilo ni la haraka kuliko linavyoonekana. Ruvu Chini kuna mtambo wenye uwezo wa kuzalisha lita milioni 270 za maji kwa siku, na sehemu kubwa ya Dar es Salaam inakunywa hapo. Kitako cha mto kikishuka kuelekea baharini, maji ya kujaa yanapata njia ya kupanda juu zaidi na chumvi yake. Na huko Kidunda, mkoani Morogoro, linajengwa bwawa la lita bilioni 190. Bwawa litasaidia sana kiangazi, hilo silipingi. Ila bwawa hunasa mchanga pamoja na maji. Leseni inayotolewa leo kwa hesabu ya mto wa leo itatumika kwenye mto utakaokuwa na mchanga mchache zaidi.

Ndiyo maana siungi mkono kumtwisha kila mchimbaji mdogo tathmini kamili, na siungi mkono pia hali ilivyo. Sheria ya 2004 tayari ina tathmini ya kimkakati, inayoangalia sera na mipango mizima kabla ya kufika kwenye mradi mmojammoja. Mto ufanyiwe tathmini hiyo mara moja, kwa fedha za umma: wapi pachimbwe, wapi pasiguswe, tripu ngapi kwa msimu. Mwenye leseni ndogo apewe fungu lake ndani ya hesabu hiyo, bila kumlipa mtaalamu yeyote. Atakuwa amepunguziwa gharama na mto utakuwa na ukomo.

Ugumu upo. Mchanga haushuki kwa ratiba; mvua za El Niño za 2023/24 hazifanani na mwaka wa ukame, kwa hiyo idadi ya tripu itabidi ipitiwe upya kila baada ya masika, na kupima kunataka watu na vifaa. Wenye maeneo yatakayofungwa watapoteza riziki huku jirani zao wakiendelea, na hao hawatanyamaza. Halmashauri inayokusanya ushuru kwa kila lori haina hamu ya kuhesabu malori yaliyozidi.

Mpiji wenyewe una ukingo mmoja Kinondoni na mwingine Bagamoyo, mikoa miwili. Kila halmashauri ikijipangia fungu lake, mto utachimbwa mara mbili kwa hesabu mbili zilizo sahihi. Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu ndiyo yenye kingo zote mbili ndani ya eneo lake. Kwa sasa mwombaji wa leseni ya mchanga anaanzia madini na mazingira. Ningependa aanzie kwa bodi hiyo, na asiende kwingine kokote kabla haijamwambia kama mchanga wa kumgawia bado upo.