Nukta Iliyokataa Kukaa Mstarini

Tangu kundi la kwanza la Gredi ya 10 liingie sekondari ya juu nchini Kenya Januari 2026, kuna hoja isiyokosekana panapozungumzwa masomo ya sayansi Malindi na Lamu. Maabara hazitoshi, vifaa vimeliwa na chumvi, basi majaribio ya fizikia yahamie kwenye skrini. Mwanafunzi afungue programu, avute pendulamu, yaani uzito unaobembea kwenye uzi, kwa kidole, asome muda, kompyuta imchoree grafu, na darasa zima litoke na mstari ulionyooka. Upande wa pili wako walimu wa uzi, jiwe na penseli. Hawa huonekana wapenda tabu, watu walioteseka zamani na sasa hawataki mtoto wa mwenzao aepuke mateso yale yale.

Upande wa skrini una mashiko, tena si haba. Programu za PhET za Chuo Kikuu cha Colorado, mradi ulioanzishwa mwaka 2002 na Carl Wieman, mmoja wa washindi wa Nobel ya fizikia ya 2001, hazilipiwi. Ile ya pendulamu inamwezesha mwanafunzi kuipeleka Mwezini na kuuona mwendo ukipungua mbele ya macho yake, jambo ambalo hakuna mwalimu wa Kiunga anayeliweza. Vifaa vya kwenda Faza hupanda chombo kwanza, na kioo kikivunjika njiani hakuna duka la jirani la kukimbilia. Na tukisema kweli kuhusu maabara zenyewe, wanafunzi kumi kwenye uzi mmoja maana yake mmoja ameshika, mmoja anahesabu, wanane wananakili. Anayenakili hajafanya jaribio, ameandika imla.

Hapo sina ubishi nao. Tunaachana pale wanapochukulia kwamba mstari ulionyooka ndio uliotafutwa. Kwenye skrini nukta sita za vipimo hulala mstarini kwa sababu fomula ndiyo iliyozizaa. Kuzichorea mstari ni kuziunganisha tu, mwanafunzi hana la kuamua. Zipo programu zinazotia kosa la kubahatisha ili mambo yafanane na ya kweli, lakini kosa hilo halina asili. Kusi likivuma madirisha yakiwa wazi, uzi wa maabara huyumba, na mwanafunzi anaweza kuinuka akafunga dirisha, akapima tena, akaona kama kosa limepungua. Kosa la programu halina dirisha.

Tuchukue jambo moja linalonishughulisha kuliko yote. Vitabu vya shule humwambia mwanafunzi atumie 10 kwa nguvu ya uvutano, yaani nyutoni 10 kwa kila kilo, ili hesabu ziwe nyepesi. Malindi iko nyuzi 3 na ushei kusini mwa ikweta, Lamu nyuzi 2 na ushei, zote kwenye usawa wa bahari, na hapo thamani yenyewe ni 9.78. Tofauti ni asilimia 2.2. Je, uzi wa dukani unaweza kuiona?

Kwa uzi wa nusu mita, mbembeo mmoja wa kwenda na kurudi huchukua sekunde 1.421 ikiwa thamani ni 9.78, na sekunde 1.405 ikiwa ni 10. Kwa mbembeo mmoja hapana kitu cha kuona, maana kidole cha binadamu huchelewa takriban sekunde 0.2 kubonyeza stopwochi. Kwa mibembeo 20 ni sekunde 28.4 dhidi ya 28.1, tofauti imekikaribia kidole na kukipita kidogo, lakini bado si ya kuapia. Kwa mibembeo 50 tofauti inafika karibu sekunde 0.8, na sasa msichana wa Gredi ya 10 mwenye simu ya mamake anaweza kusimama mbele ya darasa akasema kwamba 10 si jibu la Malindi. Lakini asiende mbali zaidi ya hapo. Tofauti ya 9.78 ya kwetu na 9.81 ya Paris, kwa mibembeo hiyo hiyo 50, ni sekunde 0.11 tu, na hiyo inamezwa na uchelewaji wa kidole. Kwa hiyo uzi ule ule unampa haki ya kudai jambo moja na kumnyima haki ya kudai la pili, na mpaka kati ya hayo mawili ameuweka mwenyewe kwa hesabu. Skrini ingempa tarakimu tatu baada ya nukta bila kumuuliza amezipata wapi.

Yanayotokea shuleni ni mengine. Mwanafunzi anapata 9.7, anakumbuka 10, anafuta. Anaongeza sehemu za sekunde hapa, anapunguza pale, mpaka jedwali likae sawa. Wanafunzi huita huko kupika, na upishi huo hauhitaji moto. Walimu wa skrini huuchukua kama ushahidi wao: kama data za mkono zitapikwa hata hivyo, si afadhali zitoke kwenye mashine iliyo mwaminifu?

Ni hoja nzuri, ila inamwonea mwalimu. Karatasi ya tatu ya fizikia katika KCSE, mtihani wa kumaliza kidato cha nne, ina maswali mawili, alama 40, saa 2 na nusu. Grafu huvuna alama kwa mihimili yenye majina na vipimo, kwa skeli, kwa nukta zilizowekwa pahala pake na kwa mstari. Hakuna pa kuandika, "Nukta ya nne imeniasi, nadhani nilihesabu vibaya." Mwalimu anayewafundisha wanafunzi wake kupika ameusoma mtihani kwa makini kuliko waliouandika. Ukimpa kompyuta bila kuugusa mtihani, atapika kwa kompyuta.

Na hiyo nukta ya nne ingeweza kusema mengi. Kosa la kawaida kabisa ni kutamka "moja" wakati wa kuliachia jiwe, badala ya linaporudi. Ukifika 20 jiwe limebembea mara 19. Muda wa mbembeo mmoja unapungua kwa asilimia 5, na mraba wake, ambao ndio unaochorwa kwenye grafu dhidi ya urefu wa uzi, kwa karibu asilimia 10. Kwa hiyo nukta moja inayoning'inia asilimia 10 chini ya wenzake ina mwenyewe, na anajulikana: ni aliyekuwa akihesabu. Sasa tuseme amekosea hivyo katika nukta zote sita. Grafu itanyooka bila dosari yoyote, kila nukta mstarini, na jibu litakuwa 10.84. Hili ningependa libandikwe kwenye mlango wa kila maabara, kwa sababu linawagusa wapishi na wapenda skrini kwa pamoja: kunyooka kwa mstari si ushahidi kwamba umepima sawa.

Turudi kwenye jiwe, kwa maana ndilo linalochekwa zaidi. Shule haina mpira wa shaba, mwalimu ameokota jiwe ufukweni akalifunga. Urefu wa pendulamu huhesabiwa hadi kitovu cha uzito, na kitovu cha jiwe la matumbawe nani akijuaye? Mwanafunzi anapima uzi hadi kwenye fundo, basi. Tuseme uzi ni sentimita 49 na kitovu kiko sentimita 1 chini ya fundo. Akitumia kipimo hicho kimoja akaingiza kwenye fomula, atapata 9.58. Amekosea asilimia 2 na hana njia ya kujua.

Lakini akipima nyuzi za urefu sita tofauti, akachora mraba wa muda dhidi ya urefu, ile sentimita 1 inausogeza mstari mzima kando bila kuugusa mteremko. Mteremko unabaki 4.037, na kwa fomula ya pendulamu 39.48, yaani mraba wa pai mara nne, ukigawanywa kwa 4.037 unarudi 9.78. Zaidi ya hapo, mstari ukirefushwa kushoto unakata mhimili wa urefu sentimita 1 nyuma ya sifuri. Grafu imesema kitovu cha jiwe kilipo bila jiwe kupasuliwa. Mwenye mpira wa shaba uliochongwa kiwandani asingeuona uwezo huu wa grafu, kwa sababu vifaa vyake havimlazimishi kuuhitaji. Anayeuvunja ni yule aliyekaririshwa kwamba mstari wa pendulamu "lazima" upite kwenye sifuri. Anaulazimisha upite, mteremko unapinda, na jiwe linalaumiwa.

Chumvi nayo ni vivyo hivyo. Vibanio vya waya vinashika kutu kwa hewa ya bahari, na kila kutu ni ukinzani usioandikwa popote. Ukipima ukinzani wa waya wa nikromu kwa urefu mbalimbali, kutu hiyo, maadamu haibadiliki kati ya kipimo na kipimo, itaonekana kama kipande kidogo cha omu kilichobaki pale urefu ulipofika sifuri. Mteremko hauguswi, na kutu imepimwa.

Kwa anayeona haya ni mambo ya shule maskini tu, kuna kisa cha Jean Richer. Mwaka 1672 Mfaransa huyu alifika Cayenne, Amerika ya Kusini, nyuzi 5 kaskazini mwa ikweta, na saa yake ya pendulamu, iliyokwenda sawa Paris, ikawa inachelewa takriban dakika 2 na nusu kila siku. Ilimbidi aifupishe pendulamu kwa chini ya milimita 3. Ingekuwa rahisi kulilaumu joto, kwa kuwa chuma hurefuka kikipata joto, au kuilaumu safari ya baharini. Richer aliandika alichokiona. Miaka 15 baadaye Newton alikitumia kipimo hicho katika kitabu chake *Principia* kueleza kwamba Dunia imefura kwenye ikweta. Mpishi angerekebisha saa kimyakimya akaendelea na kazi.

Na hapa kwetu, kaskazini mwa Malindi, kwenye majukwaa ya San Marco baharini mbele ya Ngomeni, ilirushwa setilaiti ya kwanza iliyotengwa kwa ajili ya eksirei za angani. Ilikuwa tarehe 12 Desemba 1970, siku ya Jamhuri, ikapewa jina Uhuru. Vipimo vyake vilipanda na kushuka. Chanzo kimoja, Centaurus X-3, kilionekana kupiga kila baada ya sekunde 4.8, kingine, Cygnus X-1, kilitetereka bila mpigo wowote, katika muda mfupi kuliko sekunde. Lau wachambuzi wangechukua wastani na kuchora mstari laini, mpigo wa kwanza ungepotea, na mtetereko wa pili, uliosaidia kuifanya Cygnus X-1 kuwa mmoja wa watuhumiwa wa mwanzo wa shimo jeusi, ungeitwa hitilafu ya kifaa. Nimeona wanafunzi wa Malindi wanaojua kuwa Waitaliano walirusha roketi Ngomeni, lakini sijaona wanaoambiwa kwamba habari ilikuwa kwenye nukta zilizotetereka.

Isidhaniwe kwamba kila nukta iliyoasi ina siri. Nyingi ni uzembe, na zipo za kuachwa. Robert Millikan, aliyepata Nobel mwaka 1923 kwa kazi iliyohusu pia chaji ya elektroni, alichapisha mwaka 1913 matokeo ya matone 58 ya mafuta akisema ndiyo yote aliyoyapima katika kipindi hicho. Madaftari yake yanaonyesha yalikuwepo mengine aliyoyaacha. Mengi aliyaacha kwa sababu za haki, na chaji aliyoipata ilikaribia sana ile tunayoitumia leo. Wanaomlaumu hawaulizi kwa nini aliyaacha, wanauliza kwa nini alisema hayakuwepo. Mwanafunzi naye aruhusiwe kuizungushia duara nukta ya nne, mstari ukapita mbali nayo, mradi haifuti na ameandika pembeni kilichomfanya aiache.

Hiyo sentensi ya pembeni ndiyo isiyo na alama mpaka leo. Gredi ya 12 ya kwanza itafika mwaka 2028, na mtihani wake unaweza kuipa hata alama 2 kati ya zile 40. Alama 2 zinatosha kumgeuza mwalimu yule yule aliyekuwa akifundisha upishi, kwa sababu huyo hufuata alama zilipo, na hana kosa kwa hilo. Skrini zibaki kwa kazi ambazo uzi hauziwezi: mionzi ya atomu, Mwezi, mizunguko ya sayari. Tatizo la kumi kwenye uzi mmoja nalo si gumu hivyo. Wanafunzi kumi wanahitaji nyuzi tano, mawe matano, tepu za kupimia tano na karatasi za grafu. Stopwochi ziko kwenye simu za walimu, na ufuko wa Shela hauombi risiti ya mawe. Vyote hivyo vikiwekwa pamoja havifiki bei ya tableti moja.